Shorobo wa Mgeta na Kipande cha Kanga

Kundi letu la kutazama ndege lina kanuni moja tu iliyoandikwa, nayo iko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ninalolitunza: ndege haingii humu mpaka aonwe na watu wawili. Kanuni hiyo ilizaliwa Mgeta kwa sababu ya mzee mmoja, na mzee mwenyewe alijua hivyo.

Ana duka la vitambaa mjini Morogoro, alilorithi kwa baba yake, na amepima kanga na vitenge tangu ujanani. Kiangazi cha mwaka jana, tukipanda njia ya mashambani, aliinua mkono akatangaza shorobo, ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu tuliyekuwa tukimtafuta kwa muda mrefu. Nikaandika papo hapo. Tulipokaribia tulikuta kipande cha kanga nyekundu kimefungwa kwenye mti katikati ya shamba la njegere, kutishia ndege. Mama mwenye shamba alimwamkia mzee, kisha akatueleza kwa furaha kwamba kanga ile aliinunua dukani kwake.

Tulicheka mpaka mjini. Jina la Mzee Shorobo likaanzia hapo. Alicheka pamoja nasi, lakini hakuinua mkono tena, na katika matembezi yote yaliyofuata alikuwa wa mwisho kwenye mstari.

Kiangazi hiki tulirudi Mgeta. Tuliposhuka garini alinivuta pembeni akaniambia kwamba asipomwona shorobo leo, darubini atampa mjukuu na Jumamosi zake atazirudisha dukani. Nilimwambia tu apande taratibu, maana njia inateleza.

Kufikia saa kumi na moja na nusu jioni nilikuwa nimeandika chozi wawili, kitwitwi mmoja juu ya jiwe la kijito, na mwewe. Malori ya kabichi yalikuwa yanapakia bondeni, na ukungu umeanza kushuka kutoka kileleni. Tukafika kwenye shamba la njegere. Kipande cha kanga kilikuwa bado kipo.

"Mzee Shorobo," kijana mmoja wetu akasema, "mwenzio anakusubiri."

Mzee alikitazama kitambaa kile kama anavyotazama kitambaa kilichorudishwa na mteja. Kisha akapandisha macho ng'ambo ya kijito, penye mkuyu mkubwa, akainua mkono.

Mwalimu wa sayansi anayetuongoza alimuuliza kwa upole kama ana uhakika.

"Hiki cha shambani kimepauka," alisema mzee. "Kimekuwa rangi ya tofali. Wekundu wa kule kwenye mkuyu umeiva. Hakuna kiwanda kinachotia wekundu ule."

Tukaelekeza darubini. Niliona majani, na nyuma yake majani mengine. Ukungu uliufikia mkuyu ukaanza kuumeza kuanzia juu. Mtu akakohoa. Kanuni ilidai macho ya pili, na mwandiko ulikuwa wangu; kwa mara ya kwanza niliuchukia. Mzee hakuushusha mkono.

Tawi likacheza. Ndege wa kijani alikimbia juu yake kama kindi, akafika nchani, akasimamisha kishungi. Kisha akafungua mabawa, akavuka kijito na kupita juu ya vichwa vyetu, na ule wekundu ukawa mwingi kuliko hata tulivyousoma vitabuni. Tulimwona sote wanane.

Kijana aliyetania ndiye aliyetangulia kumfuata mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, mzee," alisema, ingawa walikuwa wameshaamkiana asubuhi.

Niliandika jina la mzee kwanza. Mwalimu akatia sahihi kama shahidi wa pili, halafu na wengine wote wakataka kutia, mpaka sahihi zikajaza mistari ya ndege ambao hatujawaona bado. Nikafungua ukurasa wa mwaka jana, nikamuuliza kama niuchane.

"Uache," alisema. "Na kile kitambaa nilikiona mimi wa kwanza."

Wakati wa kushuka alikaa mbele, darubini kifuani. Mama wa shamba alikuwa anachuma njegere za mwisho za siku. Mzee akasimama, akamwonyesha kitambaa chake kilichopauka.

"Hicho kinaniaibisha, mama," alisema. "Njoo dukani nikupe kingine."