Mwali Katika Mtihani wa Darasa la Sita

Darasa la mke wangu Tunu lilikuwa na wasichana wachache, na wawili kati yao walikuwa mashoga zake wa chanda na pete. Mmoja Auleria, Mhaya, baba yake karani wa reli. Wa pili Atuganile, Mnyakyusa, baba yake polisi. Tunu wangu alikuwa Mzaramo wa Temeke, kwa baba na kwa mama. Mie shule sikuiona. Nilikuwa mkwezi wa minazi. Kusoma nilifundishwa na Tunu, tumeshaoana.

Haya ninayoyasema yalitokea kabla ya vita vya Hitla. Temeke ilikuwa minazi, mikorosho na nyumba za makuti. Shule ya wasichana ilikuwa mjini, na Tunu aliiendea kwa miguu kupitia Keko. Posa yangu ilishapokelewa. Mzee Marijani, baba yake, alisema binti asome mpaka avunje ungo, basi.

Akavunja ungo akiwa darasa la sita, mtihani umekaribia. Siku ileile akawekwa ndani.

Kwetu mwali akishawekwa ndani, jua halimpigi, mwanamume hamwoni, na mbele ya mgeni hafungui kinywa. Anafundwa na kungwi wake mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Enzi zile ilikuwa miezi, na wengine walitimiza mwaka. Kungwi wa Tunu alikuwa shangazi yake, Bi Somoe, mwanamke mkali mwenye maneno. Basi mtihani ukawa umepotea. Tunu alilia akanyamaza. Mwali halii sana.

Wale mashoga wawili wakaanza kuja jioni. Msichana hazuiwi kumwona mwali, kwa hiyo waliingia, na kikapu chao cha mihogo. Chini ya mihogo mlikuwa na vitabu. Bi Somoe aliviona siku ya kwanza, akaimenya mihogo, vitabu akaviacha palepale.

Mie nilijua kwa sababu ya kazi. Mkwezi ana adabu yake. Hupiga ukelele kabla ya kupanda, na akiwa juu huimba, ili wanawake wa uani wajue kuna macho. Siku moja nilikuwa kwenye mnazi wa jirani yao, naimba. Halafu nikamsikia Auleria anasoma habari za mito ya Afrika, na Tunu anarudia nyuma yake polepole, bila kukosea. Nikageuza uso upande wa Chang'ombe nisije nikamwona, nikaendelea kuimba kwa sauti ya chini nisiwaharibie. Niliteremka sijaangua hata nazi moja.

Haikupita muda Bi Somoe akaja nyumbani kwetu. Nilikuwa nimekaa na mama yangu mdogo, Bi Tabu, aliyenilea. Bi Somoe akaeleza kuwa mtihani ni Jumatatu, na mwali anautaka. Yeye kama kungwi anaweza kumpeleka amefunikwa. Lakini mwali akitoka kabla ya kutolewa, mposaji ana haki ya kumkataa, na aibu itabaki kwa binti. Bila ya neno langu hainui mguu.

Bi Tabu akacheka. "Mwali wa kutembezwa! Akitoka huko mpitisheni na sokoni, watu waulize bei."

"Bei yake mwanao anaijua," Bi Somoe akamjibu. "Ndiyo maana anakwea minazi mpaka magoti yamekuwa magome." Kisha akanigeukia. "Mfaume, nakuuliza wewe. Nimtoe?"

Nikasema, "Mtoe, shangazi. Akifaulu mke wangu, akifeli mke wangu."

Bi Tabu alininunia mpaka mwezi ukaandama.

Ya mjini sikuyaona, nilisimuliwa na wote watatu, tena si mara moja. Tunu alifunikwa kanga mpya kutoka kichwani mpaka miguuni. Bi Somoe mbele, Auleria na Atuganile wamemshika mikono kwa kuwa haoni njia. Keko watu waliwapisha, wengine wakapiga vigelegele wakidhani ni harusi. Shuleni Bi Somoe akaketi kizingitini, macho kwa mwali wake.

Bibi Mkuu, Mwingereza, akaita majina. Kila mmoja aitike mwenyewe. Tunu binti Marijani. Kimya. Akaita tena. Kimya. Tunu hakuweza kuitika mbele ya mgeni, na kungwi wake yuko pale. Bibi Mkuu akasema asiyeitika hayupo, na aliyefunikwa kanga anaweza kuwa mtu yeyote. Akashika kalamu akate jina.

Auleria akasimama. Darasani kwao ukisimama bila kuitwa unatolewa nje, naye alikuwa akitegemewa kuongoza. Akasema, "Bibi, kwao mwali amefungwa mdomo. Mkono hakufungwa."

Bibi Mkuu akamtazama Bi Somoe. Bi Somoe akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Atuganile akamwongoza Tunu mpaka ubaoni, akampa chaki. Mkono ukatoka ndani ya kanga, umepakwa hina, ukaandika jina lake lote na la baba yake. Bibi Mkuu alikuwa akisahihisha mwandiko ule tangu ukiwa wa kitoto. Akaiweka kalamu chini, akagawa karatasi.

Auleria akawa wa kwanza, Tunu wa tatu, Atuganile nyuma yake kidogo. Tunu alitolewa kwa ngoma majibu yakiwa yameshafika, na aliyembeba mabegani ni Auleria. Ngoma yetu haijui, hatua zikampotea, watu wakacheka mpaka wakaketi. Lakini hakumwangusha.

Baadaye Auleria akawa mkunga hospitali ya Serikali. Wanawake wa kutoka Vingunguti mpaka Kinondoni walikuja wakiuliza yule Mhaya yuko zamu gani. Nassibu wetu alipokelewa na mikono yake. Atuganile alirudi kwao Rungwe kufundisha, akawa anatuletea mchele wa Kyela kila mavuno mpaka Mungu alipomchukua. Tunu alifundisha wasichana wadogo, mjini kwanza, halafu hapa Temeke, mpaka Mwingereza akaondoka na baada yake. Na Bi Somoe, tangu mwaka ule, hakuna mwali wake aliyekosa mtihani. Aliwapeleka mwenyewe, wamefunikwa, akiketi kizingitini.

Tunu amefariki mwaka huu. Nyumba imekuwa kubwa.

Auleria alikuja matangani na fimbo yake, rozari shingoni, akalia kwa sauti. Wanawake wageni wakaulizana huyu mama Mkristo ni nani wa marehemu. Akawasikia.

"Mimi ni wa darasa lake," akasema.

Wakampisha, akakaa kwenye mkeka wa ndugu.