Mume Wangu, Fimbo na Kanga Yangu

Nikikumbuka siku ile bado natamani kujifunika uso, maana mume wangu alipigwa upawa barabarani kwa ajili yangu na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile mitumba imeanza kujaa Songea, tunakaa mtaa wa Lizaboni, mwaka wa sita wa ndoa bila mtoto. Daktari akaniambia homoni zangu zimevurugika, mayai hayapevuki, akanipa vidonge, akasema pia nipunguze unene, nikimbie kila asubuhi (nilikuwa mnene, nisiwadanganye). Hatukumwambia mtu, maana mtaani walishasema nilichezea ujana wangu kwa kutoa mimba, na maneno yale yaliniuma mpaka nikaacha kwenda kusali jumuiya na majirani.

Basi nikavaa suruali ya mtumba, juu yake kanga, na kwa vile nawaogopa sana mbwa nikamwambia mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, “Mwalimu, shika fimbo unifuate nyuma.” Tulipofika kwenye mteremko kanga ikafunguka, nikaona aibu kusimama, nikaiacha, naye akaiokota akanikimbilia, kanga mkono huu, fimbo mkono ule, anaita, “Simama wewe, simama!” Hebu tuoneni hapo.

Mama Kolumba, muuza uji, akaruka na upawa wake akamtandika begani, uji ukamwagikia shati, wanawake wengine wakamkamata, mzee mmoja anauliza mjumbe wa nyumba kumi yuko wapi. Mume wangu (mtu ambaye hata kuku anachinjiwa na jirani) hakujitetea. Alinitazama tu. Nikaelewa kwamba yuko radhi mtaa mzima umwite mpiga wanawake kuliko aitoe siri yangu, na nikampenda pale kuliko siku ya harusi.

“Mwacheni,” nikasema huku nahema. “Daktari kasema nipungue ndiyo nipate mtoto. Yeye ananifukuzia mbwa.”

Wakamwachia. Mama Kolumba akavua kitambaa cha kichwani akamfuta uji. “Nisamehe, mwalimu. Na wewe, mama, tulikusema vibaya.” Nikalia palepale na suruali yangu.

Kesho yake asubuhi nikasikia hodi. Mama Kolumba, kanga mbili kiunoni, raba za mwanawe miguuni.

“Lete hiyo fimbo,” akamwambia mume wangu. “Wewe baki uchemshe chai.”

Tulikimbia naye zaidi ya mwaka, mpaka asubuhi aliyonizuia yeye mwenyewe mlangoni, kanishika tumbo, analia. Binti yangu sasa ananipita urefu. Ila mume wangu hakimbii nyuma yangu tena, hata kama basi linatuacha.