Anayeuguza Naye Apumzike

Siku yangu ya kwanza kazini, Siakago, nilifika kabla mlinzi hajafungua lango la hospitali. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha fiziotherapia, yaani kazi ya kurudishia viungo nguvu kwa mazoezi, na njia nzima nilijiuliza ingekuwaje nikimvunja mgonjwa mkono. Mganga Msimamizi alinitazama nikimsalimu.

"Wewe ndiye wa mazoezi?"

"Ndiyo, daktari."

"Na unatetemeka hivyo, utamshika nani? Kaa kwanza, unywe maji."

Nilikaa, lakini wasiwasi haukuniacha. Nimestaafu sasa na bado ninao. Ninyi mnaoingia kazi hii leo nataka niwaeleze siku moja wasiwasi huo ulipofaa.

Wengi wa wagonjwa wetu walikuwa wamepigwa na kiharusi: damu imekosa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa umepasuka humo, na upande mmoja wa mwili umelegea. Tulifundishwa kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya malazi, vile vinavyochimba ngozi ya mtu aliyelalia upande mmoja muda mrefu. Tulifundishwa kuukunja na kuukunjua mkono uliopooza ili usikakamae. Kuhusu mtu atakayeyafanya hayo yote nyumbani, siku baada ya siku, hatukufundishwa neno.

Nilihamishiwa Embu mjini, nikawa nawatembelea wagonjwa majumbani upande wa Kibugu, kwenye mashamba ya majani chai. Huko ndiko nilikomkuta Mama Njeru. Mumewe, Baba Njeru, alikuwa mtu mzito wa mwili, na tangu augue alisema neno moja moja tu, tena kwa shida. Watoto wao walifanya kazi mbali. Mama Njeru alimwinua, akamwosha, akamlisha, akaenda kuchuma majani, akarudi mbio. Nilipokuwa nikimwonyesha namna ya kumshika mgonjwa kiunoni badala ya kumvuta kwapani, nilimwona ameegemea ukuta.

"Ni kizunguzungu tu, daktari." Kule kila mwenye koti jeupe ni daktari.

Nilimpima presha. Ilikuwa juu kuliko ya mumewe. Nikapima mkono wa pili, nikapata yaleyale. Tangu hapo niliwaona kichwani mwangu wamelala wote wawili kitanda kimoja, na hakuna wa kuwageuza.

Nilipeleka hofu yangu kwa Muuguzi Mkuu.

"Mgonjwa aliyeandikishwa ni nani?" aliuliza.

"Ni mzee, Sista. Lakini mkewe akianguka..."

"Mkewe apitie kliniki apewe dawa. Na umwambie apumzike."

"Atapumzika saa ngapi?"

Akavua miwani. "Huyo mama hana kanisa? Tafuta watu wa kanisa lake."

Nikaona ni shauri jema. Nikamwomba mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao wamtembelee. Niliporudi Kibugu, ua ulikuwa umejaa. Walikuwa wamekuja na sukari, mikate na mafuta ya kupikia, wameimba na kumwombea Baba Njeru, na sasa wote walikuwa wameketi isipokuwa mtu mmoja. Mama Njeru alikuwa jikoni, mbele ya sufuria kubwa ya chai aliyoazima kwa jirani, na nduma zinachemka kando. Alikuwa amesimama hapo tangu alfajiri. Kwetu mgeni haondoki nyumbani kwa mtu bila chai. Mwenye nyumba heri augue kuliko kuona aibu hiyo.

Watu niliowaita wamsaidie, ndio hao watakaomwangusha! Nikamvuta mwenyekiti kando.

"Mama, naomba asiwapikie."

"Tumkatalie chai yake? Atasema tunamdharau kwa sababu ana mgonjwa."

"Basi muwe mnakuja wawili wawili."

"Hata wawili atawapikia. Huyu akituona tu, anawasha moto."

Nilizunguka ua ule kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nikarudi kwa mwenyekiti.

"Na akiwa hayupo?"

"Nani?"

"Mama Njeru. Mkiingia, yeye atoke. Mwenye nyumba akiwa hayupo, nyinyi ni wageni wa nani?"

Alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa leso. "Ati tumfukuze kwake?"

"Ndiyo."

"Haya. Lakini nitamwambia mimi. Wewe utaanza kuomba msamaha kabla hujasema."

Niliwafundisha akina mama hao kumgeuza mgonjwa na kumlisha bila chakula kumpalia. Siku ya zamu ya kwanza walikuja wawili na chai yao kwenye thermos. Mama Njeru alipaswa kwenda kwa dada yake ng'ambo ya mto. Alifika langoni akarudi kuonyesha kijiko kilipo. Akaenda tena, akarudi na habari za ng'ombe. Mara ya tatu Baba Njeru aliinua mkono wake mzima, uso ukamkunjamana kwa kutafuta neno, akalipata.

"Enda!"

Akaenda. Dada yake aliniambia baadaye kwamba alilala mchana kutwa na viatu miguuni.

Zamu zilipozoeleka nilimpima tena. Presha ilikuwa imeshuka. Sikuamini. Nikapima mkono wa pili, nikarudia wa kwanza.

"Daktari," alisema, "utanipima mpaka ipande."

Nilipopelekwa Kanyakine nilianza kila ziara kwa kumuuliza anayeuguza amelala vipi, ndipo nikamgeukia mgonjwa. Afisa wa Afya wa huko alilalamika kwamba napoteza muda wa mazoezi. Labda alikuwa na haki. Hata leo siwezi kuapa kwamba Mama Njeru angeanguka. Ugonjwa ambao haukuja hauna pa kuuchunguza, na mtu kama mimi huendelea kuuchunguza tu.

Siku hizi nikienda kumwona mgonjwa, naenda nimeshakunywa chai. Nauliza nani anamuuguza, kisha namwomba atoke. Wengine hunitazama kana kwamba nimekuja kuwanyang'anya nyumba. Nangoja mpaka avuke lango, nakaa karibu na mgonjwa, na hapo ndipo naanza kuhofia kama kweli ameenda kupumzika, au ameenda kuchuma majani chai.