Kitabu cha Geti

Muthoki wa Kilungu ni mtu wa kuongea na watu. Ukimkosea hakununii. Anakuja kwako, anaketi, anakunywa chai yako, kisha anakueleza ulipomuumiza. Kule kwao milimani barua ni jambo zito. Hutoka kwa chifu au kortini, na hufika wakati watu hawasemezani tena, kwa hiyo kumwandikia mtu ni kumshtaki. Ndivyo alivyolelewa, na katika umri wake wa miaka hamsini na sita, akilima maparachichi na kufundisha shule ya Jumapili, malezi hayo hayakumdhuru. Yalikuja kumdhuru katika ofisi ya manispaa ya mji mmoja upande wa Kitui. Jina la mji sitalitaja, wenyewe wanajijua.

Alikwenda huko kumtafuta Kyule, kitinda mimba wa kwao. Kyule alikuwa fundi wa mawe, na kila Jumapili baada ya kanisa alimpigia mama yao simu. Januari ya mwaka jana simu zikakoma. Mwisho wa mwezi fundi mwenzake akaleta habari kwamba mtu aligongwa na lori karibu na mahali walipokuwa wakijenga, akafa bila kitambulisho mfukoni. Muthoki akafunga safari hadi hospitalini. Wa mochari wakamwambia kwamba maiti zisizo na wenyewe ziko chini ya manispaa, kitabu chao kiko huko, na bila barua ya manispaa hawamfungulii mtu mlango.

Ndipo alipokutana na Mulwa, karani wa rekodi. Mulwa si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera. Alimpa kiti. Alimwita mwaitu, kama mtu anavyomwita mama yake mzazi.

"Mwaitu, hiyo kitabu ni ya ofisi," alisema. "Si ya kuonyesha public. Na mwenye anaweza kusaini hayuko leo. Kuja Tuesday ingine."

Muthoki alishukuru akaondoka. Aliporudi alibeba mfuko wa maparachichi. Hayakuwa hongo, mtu wa Kilungu haendi kwa watu mikono mitupu. Mulwa akayapokea kwa mikono miwili, akasema mkubwa yuko semina. Safari iliyofuata ufunguo wa kabati ulikuwa na mtu aliye likizo. Iliyofuata tena, kitabu kilikuwa kimepelekwa kukaguliwa. Mwaka ukaisha hivyo, Muthoki akipanda na kushuka, akisema pole kwa kusumbua.

Nyumbani, kando ya kaburi la baba yao, walikuwa wamefyeka mahali pa Kyule. Majani yakiota, wanafyeka tena. Mama yao, Nduku, mwenye miaka themanini na minne, alimngojea Muthoki mlangoni kila alipotoka safari, akauliza swali lile lile: "Wamesemaje?" Alitaka mwanawe alazwe nyumbani kabla yeye mwenyewe hajafa. Hakuwa na ombi lingine kwa Mungu wala kwa serikali.

Mkabala na geti la manispaa kuna duka dogo la fotokopi la mama mmoja aitwaye Halima. Alikuwa amemwona Muthoki akipita na mifuko yake mara nyingi, na siku moja ya mvua akamkaribisha ndani kwa chai.

"Dada, kwani umewahi kuwaandikia?"

"Niwaandikie, kwani tumekosana?"

"Hamjakosana. Lakini ukiongea, inaishia hapo. Ukiandika, wakupigie stampu, siku zinaanza kuhesabiwa. Sheria imewapa ishirini na moja. Na hawafai kukuuliza unataka ya nini. Hiyo kitabu ni ya wananchi, yao ni kuiweka tu."

"Na Mulwa ataniona aje?"

"Atakuona mtu anataka kujibiwa."

Muthoki hakuandika. Alisema asante ya chai, akaenda zake. Ilichukua miezi miwili zaidi, hadi Aprili mwaka huu, jioni aliporudi akamkuta mama yake hawezi tena kuinuka kuja mlangoni. Swali lake aliliuliza akiwa kitandani. Asubuhi Muthoki alichukua karatasi ya mistari, akaandika kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wake wa duara ambao akina mama wa kanisa walimpendea wakamfanya katibu. Aliomba kuona kitabu cha maiti zisizo na wenyewe na maziko yao katika makaburi ya umma, kurasa za mwaka jana. Sababu hakuitaja.

Mulwa aliisoma barua ile mara mbili. "Mwaitu," alisema, "sasa tumefika huku?"

Muthoki alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijiona amemtusi mtu aliyekula matunda yake. Hata hivyo alisimama pale pale hadi nakala yake ikapigwa muhuri.

Siku ya kumi na tisa aliitwa. Kitabu chenyewe kilikuwa cha jalada jeusi, chepesi kuliko alivyodhani. Mulwa alikifungua mezani, na Muthoki akashuka na kidole hadi mstari wa kumi na nne: mwanamume, umri kama miaka arobaini na mitano, kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakipo. Kidole hicho Kyule alikikata akichonga mawe, na Muthoki ndiye aliyemfunga kitambaa siku hiyo. Mbele ya maelezo hayo iliandikwa kwamba alizikwa tarehe ishirini na saba Februari, katika kaburi la pamoja, na wengine kumi na mmoja.

Alilia kidogo, kwa adabu, kama anavyofanya mambo yake yote. Kisha akatazama tarehe tena.

"Mimi nilikuja hapa kabla ya hii siku," alisema.

Mulwa alitikisa kichwa polepole. "Mwaitu, hakuna mahali imeandikwa."

Muthoki alitoka nje. Kule getini askari alimsogezea kitabu kikubwa cha wageni ajaze saa ya kutoka, kama alivyofanya kila safari. Jina, nambari ya kitambulisho, saa, sababu ya kuja. Kalamu ikamsimama mkononi. Alivuka barabara hadi kwa Halima, akaomba karatasi, na safari hii hakungoja miezi miwili. Aliandika akiwa amesimama. Aliomba kitabu cha geti, kurasa za Februari mwaka jana.

Zilipotimia siku ishirini na moja kikaletwa, kimekunjika pembe. Ukurasa ulikuwa na watu wengi waliokuja kuuliza leseni na maji. Katikati yao kulikuwa na mwandiko wa duara: Muthoki, tarehe sita Februari, saa nne na dakika kumi. Sababu: kutafuta ndugu yangu.

Mulwa alivua miwani. Aliposema hakusema kama karani.

"Kitabu haikuwa imefungiwa. Ilikuwa hapa kwa hii droo. Ningeifungua tu."

"Ndiyo," Muthoki akasema.

Kwa ruhusa ya Mulwa, alimwomba Halima nakala mbili za kurasa zote mbili, ule wa maziko na ule wa geti. Alirudi, moja akaiweka mezani kwa Mulwa. "Hii iweke kwa hiyo droo," alimwambia, akaenda kupanda gari. Maparachichi hakuwa amebeba siku hiyo.

Njia nzima alipanga namna ya kumweleza mama yake. Angemwambia kwamba Kyule amepatikana, kwamba mahali panajulikana, kwamba mchungaji ataombwa aende akaombe pale. Kwamba kumfukua katika kaburi la watu kumi na wawili hakutawezekana. Hayo yote aliyasema akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na Nduku akasikiliza bila kumkatiza. Aliipapasa ile karatasi yenye muhuri ingawa hajui kusoma.

Kisha akauliza swali ambalo Muthoki hakuwa amelipanga.

"Siku ile ulienda mara ya kwanza, alikuwa bado hajazikwa?"

Muthoki amefundisha watoto wa kanisa miaka thelathini kwamba uongo ni uongo hata ukiwa wa huruma. Aliushika mkono wa mama yake.

"Alikuwa bado, mwaitu. Zilibaki siku ishirini na moja."