Kanisa la Mururu Lililogeukia Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Huduma ya Dini aliitazama kofia yangu, akatazama viatu vyangu, kisha akasema, "Ramadhani, leo usiandike kitu. Enda ukae na bale bantu ba maombi, urudi kunielezea namna banasalimiana." Nilishangaa. Nilidhani serikali inaajiri watu ili waandike. Nilikuwa fundi cherehani wa Kamembe, upande wa Rwanda mpakani na Kongo, Mwislamu, na nilichukuliwa kwa sababu vikundi vilivyokuwa vikivuka daraja kutoka Bukavu vilisali kwa Kiswahili.

Ninyi vijana mkisikia neno "sekti" mnatikisa kichwa na mambo yanaishia hapo. Sisi tulilipima neno hilo kabla halijamwangukia mtu. Dhehebu ni tawi la dini ambayo mizizi yake inajulikana. Dini mpya ni ile ambayo mwanzilishi wake bado unaweza kumkuta sokoni akibishania bei ya dagaa wa sambaza. Na sekti, kwa lugha ya ofisi yetu, ni kundi linalomfunga mtu asiweze kutoka. Kwa hiyo hatukuhangaika sana na imani. Tulimtafuta aliyetoka, tukamuuliza alitokaje.

Njia yetu iliitwa kushiriki kwa kutazama. Unakaa nao, unasimama wanaposimama. "Lakini usiseme amina ya uongo," Mkuu alinionya. "Mungu atakusamehe, lakini bale bantu batakujua." Alikuwa mtu wa ajabu yule, nami nilimpenda.

Alipostaafu, alikuja Mkuu mpya, kijana aliyekuwa akila chakula cha mchana amesimama. Siku moja mfanyabiashara wa Gihundwe aliingia ofisini akifoka. Dada yake alikuwa ametoka katika kanisa la Maman Nabintu kule Mururu, na siku ya kutoka kwake watu wote walimgeuzia mgongo.

"Huko ni kutengwa," Mkuu mpya akasema. "Hiyo ni sekti, Ramadhani. Tutafunga."

Kufunga kulimaanisha Maman Nabintu kurudishwa ng'ambo ya mto, na wale wajane wachuuzi waliomfuata kukosa pa kusalia. Niliomba nipande kwanza nikatazame. Alikubali, ila kwa shingo upande.

Kanisa lenyewe lilikuwa chumba cha udongo juu ya mashamba ya maharage. Jumapili kadhaa nilikaa benchi la nyuma, nikasikia nyimbo nzuri na mahubiri marefu kupita kiasi. Kisha asubuhi moja, katikati ya wimbo, mama mmoja wa makamo akainuka, akavua kitambaa chake cheupe cha kichwa. Maman Nabintu alikuwa wa kwanza kugeuka. Wote wakamfuata, wazee kwa watoto, wakaukabili ukuta huku wakiimba. Nami nikageuka. Nilisikia miguu ikipita taratibu nyuma yangu mpaka mlangoni.

Baada ya ibada nilimkabili Maman Nabintu. "Maman, juu ya nini munamugeuzia muntu mugongo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Papa, macho ya bantu inafungaga muntu. Muntu anataka kwenda, anaona sura ya rafiki, anaona sura yangu, anabaki juu ya kuona haya. Mungu hataki muntu wa haya. Sasa tunageuka, njo apate njia."

Sikumwamini moja kwa moja. Kazi yangu haikuniruhusu. Nikateremka Gihundwe kwa yule dada wa mfanyabiashara, nikamkuta akichambua maharage.

"Kaka yangu haelewi," alisema. "Ningeona sura ya Maman, ningebaki. Na mimi sikutaka kubaki." Akaanza kulia. "Njia ilikuwa wazi, Papa. Ilikuwa wazi kabisa."

Nilimsimulia Mkuu mpya yote hayo. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameketi. Akaniambia niandike: dini mpya. Kanisa la Mururu likaendelea kuimba.

Niliona mengi baadaye, mengine ya kuogofya, viongozi waliojenga milango ya kuingilia tu. Lakini nikiulizwa na vijana wa siku hizi kundi zuri likoje, sianzi na vitabu. Nawaambia wakatazame mtu anavyoondoka. Mpaka leo sijaona dini, chama wala nyumba inayojua hilo kuliko wale wajane.

Siku ya kustaafu kwangu wenzangu walininunulia soda, wakahutubu. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitalia mbele ya watu wa ofisi. Nilipoweka ufunguo mezani, kidevu kikaanza kunitetemeka. Mkuu yule yule akaniona. Aliinuka kitini, akageuka taratibu akaukabili ukuta, na wote waliokuwamo chumbani wakageuka pamoja naye.