Jinsi bug ya garbage collector ilivyombatiza dereva wa lori jina la Sabuni kule Mikumi

Wakuu, za mchana. Mvua imenifungia ndani hapa Kilosa, nikaona niwasimulie kisa kilichonikuta mwenyewe. Chumvi sijaongeza, kina yake ya kutosha.

Mimi na wenzangu wachache tunatengeneza lugha ndogo ya programming, kwa mapenzi tu. Mtumiaji wetu wa kwanza ambaye si mmoja wetu ni binamu yangu, dada Zaina, mwenye gesti Mikumi pale malori yanapolala. Nilimwandikia programu ya vyumba na ya kaduka kake kwa lugha hiyo.

Mwanzoni mambo yalikuwa safi. Kisha akanipigia.

"Wewe! Nimemwita mgeni Bwana Sabuni mbele za watu."

Kwenye screen, chumba namba mbili kiliandikwa mgeni ni "Sabuni". Naye akasoma jina kama lilivyo, akiuliza nani anataka supu. Mgeni mwenyewe ni dereva anaitwa Hamisi. Watu walicheka mpaka wakaacha kula.

Zaina hakucheka. "Leo jina. Kesho litaniambia chumba kitupu, nimfungulie mtu mlango mwenzake amelala. Ijumaa gesti inajaa. Usiporekebisha kabla ya hapo, narudi kwenye ubao na chaki."

Mtumiaji wetu pekee huyo, wakuu. Akiondoka, tumebaki kujisifia wenyewe.

Kwa wasiojua, twende taratibu. Garbage collector ni mfagizi wa memory, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Anapita kukagua kipi bado kinatumika, kisichotumika anakiondoa ili nafasi yake ipewe kitu kingine. Wa kwetu anafagia huku programu ikiendelea na kazi. Hapo ndipo penye utamu, na ndipo penye balaa.

Nilijaribu Kilosa mchana kutwa, bug, yaani hilo kosa la programu, haikutokea hata mara moja. Nikapanda basi kwenda Mikumi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeleta dawa au umefuata wali?"

Nikakaa naye mapokezi. Jioni Hamisi akarudi kutoka safari, akapewa chumba tisa, cha nyuma. Hakumaliza hata kuweka begi.

"Dada, nihamishie mbele. Lori nisipoliona dirishani silali."

Kumbe madereva wote ndivyo walivyo! Wanapewa chumba, wanachungulia dirishani, wanahama. Wageni wangu wa majaribio kule Kilosa, majina ya kubuni tu, walikuwa na adabu mno: ukiwapa chumba, wanatulia.

Sasa mfikirieni mfagizi wetu siku ile ya supu. Amekagua chumba mbili, kitupu. Kabla hajafika tisa, Hamisi anahama kutoka tisa kwenda mbili. Mfagizi anafika tisa: kitupu. Kwa hesabu zake Hamisi hayupo duniani! Anafuta nafasi yake, na bidhaa inayofuata kuandikwa dukani inakaa palepale, ambapo chumba mbili bado kinasoma jina la mgeni.

Ikawa sabuni.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa kuisimamisha programu yote mpaka mfagizi amalize. Majina yakakaa sawa, ila screen ikawa inaganda.

"Mgeni kasimama na begi, na mashine nayo imesimama kumsindikiza," Zaina akasema.

Nikaifuta. Dawa ya kweli inaitwa write barrier: programu ikihamisha kitu wakati wa kufagia, lazima impe mfagizi taarifa, "hiki bado kinatumika." Tulikuwa nayo kwenye njia ya kawaida ya kuandika. Lakini tulipoongeza njia ya mkato ya kuhamisha, ili kuongeza kasi, tulisahau kuiweka. Mistari michache tu, nikaiweka.

Ijumaa malori yakaja. Madereva wakachungulia, wakahama, wakahama tena. Zaina akawa anasoma majina kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio, na kila mtu anaitika. Ubao ukabaki stoo.

Nilichojifunza: test zako zisiwe na wageni wapole tu. Nenda ukakae pale programu inapotumika, utazame watu wanavyohangaika nayo. Na wewe unayeanza, neno concurrency, yaani kazi kadhaa kwenda kwa wakati mmoja, lisikutishe. Ukiweza kuelewa watu wanaohama vyumba, utaielewa.

Hamisi naye jina lake liko sawa kwenye screen hadi leo. Ila akishuka tu kwenye lori, mapokezi yote, "Sabuni, karibu!" Hiyo memory hakuna mfagizi atakayeiweza.

Haya wakuu, nani mwingine amewahi kusumbuliwa na bug inayojificha akiwa kwake na kujitokeza kwa mteja? Mwageni yenu hapa, na wenye maswali ulizeni bila aibu, nipo.