Mtandio wa Kuzikwa Nao

Nicanor, mtoto wa mama mkubwa wangu Refugio, amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote hapa mjini kwetu San Onofre. Alipigwa risasi baa, akapigwa risasi juu ya farasi, na kuna filamu alipigwa risasi katikati ya wimbo na bado wimbo akaumaliza. Ndiyo kazi aliyopewa na wenye filamu wa mji mkuu: rafiki wa shujaa. Anaimba nyimbo mbili, anampenda msichana asiyempata, anakufa. Watu wanalia, shujaa anaoa.

Tumekua pamoja, nyumba zetu ukuta mmoja. Alikuwa anafyatua matofali na baba yake, miguu imejaa udongo, na akianza kuimba punda wanagoma kutembea. Baba yake anamrushia donge: "Wewe, imba baada ya kazi!" Mzee alipofariki, Nicanor akaenda Guadalajara kwenye mashindano ya redio, akashinda, akarudi na viatu vipya vinavyombana, akaja kuaga.

Mama mkubwa hakulia. Alifungua kasha akatoa mtandio wake mweusi, ule unaonukia maua makavu, ambao mwanamke wa kwetu hujiwekea wa kuzikwa nao. Mtandio huo hauvaliwi sokoni hata siku moja. Mimi mwenyewe nilimsaidia kufunga nyuzi za pindo lake.

"Kaa nao wewe," akamwambia mwanawe. "Siingii kaburini bila huo. Kwa hiyo utarudi, upende usipende."

Akawa anarudi kweli. Kila mara kabla ya filamu mpya alipiga magoti kizingitini, mama yake akamchorea msalaba kwenye paji la uso, akamalizia na kikofi cha shavu. Hapo ndipo Nicanor aliposema sauti yake imefunguka. Na hema la sinema likija mjini, mama mkubwa alikaa mbele na mbegu zake za maboga, Nicanor akianguka na risasi yake, yeye anageuka kuwaambia watu: "Msilie, Jumapili anakuja kula."

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekolea, duka la dawa likatuma mtu mbio: Refugio anaitwa kwenye simu! Simu ya mji mzima ilikuwa hiyo moja, na kwetu simu ni msiba. Mama mkubwa aliacha chungu jikoni, akakata uwanja wa kanisa peku, mimi nyuma yake. Alikuwa Nicanor. "Nilitaka kusikia sauti yako tu, Mama." Basi, akakata. Tuliporudi maharage yamekuwa makaa, na mama mkubwa alimtukana mwanawe mpaka magharibi.

Halafu hema likarudi na filamu nyingine. Safari hii Nicanor hakufa. Alikufa mama yake.

Yaani mama yake wa filamu, mwanamke mnene wa mji mkuu, kalazwa kwenye jeneza. Nicanor anaimba wimbo wa kuaga huku machozi yanamtiririka, hema zima linapenga kamasi. Mara akakunjua mtandio mweusi akamfunika yule mama. Mama mkubwa akasimama.

"Ule wangu!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilizijua zile nyuzi. Kifuniko kikafungwa, udongo ukamwagwa juu.

"Yeye kufa ni kazi yake," mama mkubwa aliniambia kesho yake. "Mimi kufa si kazi yangu. Na mtandio ukishamfunika maiti ni wa maiti. Mimi nizikwe na nini, Hermelinda? Gunia?"

"Mama mkubwa, ile ni sinema!"

"Sinema ya uongo. Mtandio wa kweli."



Nicanor akaja kuomba baraka, na haikuwa baraka ya mchezo. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa kuwa shujaa mwenyewe, jina lake juu kabisa. Alikuta mlango umefungwa. "Mwenye nyumba amefariki," sauti ikatoka ndani. "Mwanawe alimzika, mji mzima uliona." Akapiga magoti pale pale, jua la utosi, na mlango haukufunguka. Alipojaribu kumweleza habari za mtandio kupitia dirishani, mama mkubwa alianza kutwanga pilipili ili asisikie.

Alikuja kwangu macho mekundu. "Dada, bila baraka yake siendi. Nikifungua mdomo niimbe, nauona ule mlango. Sauti inakwama hapa." Akajishika koo. Wenye filamu walikuwa wamekubali kumngoja mpaka sikukuu ya Bikira wa Refugio, siku ya somo wa mama yake, yule mwenye jina lake, basi. Baada ya hapo wangemchukua mwingine.

Mimi nina hasira za karibu. "Basi kamlete huyo maiti wako!" nikamfokea. "Mama yako masikio ameziba, lakini macho anayo!"

Akacheka. Halafu akachukua kofia yake, akaondoka.

Alfajiri ya sikukuu nilisikia matarumbeta. Kwetu anayeimbiwa alfajiri ya siku ya somo wake lazima afungue mlango, awamiminie wapigaji kitu cha moto. Asipofungua, amekukataa mbele ya mtaa. Nicanor alisimama mbele ya wanamuziki, akaimba, na sauti ikapasuka kama ya mvulana. Mlango kimya. Akarudia. Kimya. Majirani wakaanza kutazama chini, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo mlango wa gari alilokuja nalo Nicanor ukafunguka, akashuka bibi mnene mwenye hereni kubwa, mtandio mweusi mabegani. Mpiga tarumbeta alimtambua, akajichora msalaba na kuangusha tarumbeta.

Bibi akaupiga mlango kwa ngumi. "Refugio! Fungua! Mimi ndiye niliyekufa, na tangu Guadalajara sijatia kitu tumboni!"

Mlango ukafunguka kidogo. Ukatoka mkono, ukamfinya bibi yule.

"Aii!"

"Mzima," mama mkubwa akasema.

"Mzima na nina njaa. Naitwa Eleuteria."

"Na huo mtandio?"

"Haujafunika maiti yeyote, umenifunika mimi, nilikuwa nasikia baridi. Jeneza walilofukia lilikuwa tupu. Kabla hawajafunga kifuniko mwanao aliunyakua, akagombana na kila mtu. Na nikwambie, Refugio, picha ya kunifunika ilipokwisha hakuacha kulia. Maji tulimpa, wapi! Akatoka mbio na nguo zake za msiba, kwenye mvua, kutafuta simu. Mimi nimelala jenezani namngoja, miguu imekufa ganzi."

Mama mkubwa alimtazama mwanawe.

"Siku ya maharage," akasema.

"Ndiyo, Mama," Nicanor akajibu. "Nilikuwa nimekuona umelala pale."

Mlango ukafunguliwa wazi. Nicanor akapiga magoti, akachorewa msalaba wake, akapata kikofi chake, cha nguvu kuliko vyote. Mimi nililia bila aibu, na mpiga tarumbeta naye analia, sijui yeye alikuwa na msiba gani.

Mama mkubwa aliuvua mtandio mabegani mwa Eleuteria, akaunusa, akaukunja taratibu. Akaurudisha mikononi mwa mwanawe.

"Kaa nao. Hiyo filamu mpya, unakufa?"

"Hapana, Mama. Hii naoa."

"Afadhali." Akawapisha wote waingie, akamshika Nicanor mkono pale kizingitini. "Na uwe unapiga simu," akamwambia. "Maharage acha yaungue."